Namna ya Kuumizwa Hospitalini Bila Kuitia Hasara Kampuni ya Bima

Kabla hujalazwa katika hospitali yoyote ya California, hakikisha una mshahara. Uwe mshahara mnono, wenye hati za malipo za kila mwezi na barua ya mwajiri iliyopigwa muhuri. Usiwe mtoto wa miaka 3. Usiwe mama anayelea watoto nyumbani. Na zaidi ya yote, usiwe bibi wa miaka 80 aliyekwisha kustaafu. Ukiwa mmoja wa hao, kisha daktari akakukosea, sheria itakuuliza umepoteza dola ngapi, nawe hutakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ndugu zetu wengi wanaishi Marekani, na baadhi yao ni wauguzi katika hospitali hizo hizo, kwa hiyo jambo hili si la watu wa mbali. Kila agizo utakalolisoma hapa limetoka katika sheria zenyewe, sikuongeza chumvi. Iliyo kubwa kati ya hizo inajulikana kwa kifupi chake, MICRA, na Gavana Jerry Brown aliitia sahihi mwaka 1975. Daktari hulipa ada ya bima. Akishtakiwa kwa uzembe, kampuni humwekea wakili na kumlipia fidia. MICRA iliweka mipaka ili kampuni hiyo ijue mapema mzigo wake utaishia wapi. Mipaka hiyo yote iliwekwa upande wa mgonjwa.

Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wakitafuta cha kufanya. Mwaka 1975 ada za bima ya madaktari California zilipanda ghafla, na baadhi ya kampuni, Argonaut ikiwa mojawapo, zikaanza kujitoa. Mwezi Mei madaktari wa ganzi na nusukaputi wa kaskazini mwa jimbo waligoma, wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wakarudishwa nyumbani, na gavana akaliita bunge kwenye kikao maalumu. Kampuni nazo zilikuwa na shida ya kweli. Ajali ya gari ya Januari huleta madai yake Februari. Kosa la daktari laweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye, kampuni ikiwa imeshatoza ada na kufunga hesabu za mwaka ule. Madaktari wenyewe waliamua kuanzisha kampuni zao za bima: NORCAL na MIEC mwaka 1975, The Doctors Company mwaka uliofuata. Hofu hiyo naielewa. Nisichokubali ni namna ilivyotulizwa, maana bili yake alipelekewa mtu aliyelala kitandani.

Tuendelee na mshahara. Sheria inagawa hasara zako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zenye risiti: matibabu, mishahara uliyokosa, mtu wa kukuogesha na kukulisha. Hizo California haikuziwekea kikomo. Fungu la pili ni maumivu, upofu, ulemavu, kushindwa kumbeba mwanao, kuishi na mfuko wa haja kubwa ubavuni mpaka kufa. Kwa fungu hili zima MICRA iliweka dola 250,000 na si senti zaidi, hata kama waliokukosea ni madaktari watano. Kiwango hicho hakikuguswa kuanzia 1975 mpaka mwisho wa 2022, miaka 47. Bei za vitu hazikusubiri: kilichonunuliwa kwa dola 250,000 mwaka ule wa kwanza, mwaka 2022 kilihitaji zaidi ya dola milioni 1.3. Kikomo kilibaki palepale kwenye karatasi huku thamani yake ikiliwa mwaka baada ya mwaka, bila bunge kupiga kura tena.

Ukifa, usiache familia kubwa. Mjane peke yake aliweza kupata hizo 250,000 zote. Mjane na watoto sita waligawana hizo hizo.

Kisha mtafutie wakili wako moyo wa chuma. Mlalamikaji wa kawaida hana pesa za kumlipa wakili kwa saa, kwa hiyo wakili hulipwa sehemu ya fidia akishinda, na akishindwa hapati kitu. MICRA, baada ya marekebisho ya 1987, ilipanga sehemu hiyo kwa ngazi: asilimia 40 ya dola 50,000 za kwanza, theluthi ya 50,000 zinazofuata, asilimia 25 ya 500,000 za baada ya hapo, na asilimia 15 ya kinachozidi. Mchukue yule bibi wa miaka 80 aliyekatwa mguu usio na ugonjwa. Hana mshahara, na matibabu yake yamelipwa na bima ya wazee ya serikali. Kilichobaki ni fungu la maumivu, 250,000 kwa juu kabisa. Wakili akishinda kila kitu anapata kama dola 74,000, na hapo bado hatujatoa gharama za kesi, ambazo hukatwa kwanza kabla ya kupiga hesabu ya ngazi. Lazima awalipe madaktari bingwa waje kueleza kosa lilikuwa wapi, alipie mahojiano ya viapo, asubiri miaka miwili au mitatu. Akikaa na kalamu anaona kesi hailipi. Anampigia bibi simu kwa upole na kumwambia hataichukua. Bibi anampigia wa pili, wa tatu, na wote wamepiga hesabu ileile. Mlango umefungwa, na hakuna aliyesema kwamba bibi hakuumizwa.

Wakili wa upande wa pili, anayelipwa na kampuni ya bima, hakuwekewa ngazi yoyote. Anatoza apendavyo.

Ukifanikiwa kufika mahakamani, jifunze kusahau kwamba kampuni ya bima ipo. Tazama chumba kilivyopangwa. Raia 12 wameketi kuamua kesi. Mbele yao yupo daktari peke yake, amevaa suti, mkewe yuko benchi la nyuma. Wanaamini fidia wakiitoa itatoka mfukoni mwake, pengine atauza nyumba. Kampuni iliyomchagulia wakili, itakayolipa na inayofuatilia kesi kwa karibu kuliko mtu yeyote, haina kiti mle ndani. Sheria ya ushahidi ya California inakataza kuutaja mkataba wa bima ya mtu ili kuthibitisha uzembe wake. Kanuni hiyo ina sababu nzuri: kuwa na bima hakuonyeshi kwamba mtu alikosea.

Lakini geuza meza uone. Bima yako wewe mgonjwa, ile iliyokulipia kitanda na dawa, inaruhusiwa kutajwa. MICRA ilimpa mshtakiwa haki ya kuwaambia wale raia 12 kwamba bili zako zimeshalipwa na wengine, ili waone kama kweli unastahili kulipwa tena. Bima ya aliyeumizwa inatangazwa, ya aliyeumiza inafichwa. Nimezisoma kanuni hizi mbili nikitafuta jicho ambalo lingeziona zote kuwa haki kwa pamoja, na nimelipata moja tu, la kampuni.

Wale raia hawaambiwi pia kwamba kuna kikomo. Wanasikiliza wiki kadhaa, wanajifungia, wanabishana, wanarudi na kiasi wanachoona kinamstahili yule mtu. Wakiisha kushukuriwa na kurudi makwao, jaji anakata. Katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 1985, mgonjwa alikuwa wakili wa miaka 34 aliyekwenda kwenye matibabu akilalamika maumivu ya kifua. Aliambiwa ni misuli tu, akarudi nyumbani, na kumbe ulikuwa moyo. Wale raia walimpa dola 500,000 kwa maumivu. Akabaki na 250,000. Majaji saba walisikiliza rufaa yake, wanne wakasema kikomo ni halali na watatu wakakataa. Kura moja ndiyo iliyokidumisha kikomo hicho kwa miaka mingine 37.

Kuhusu muda, jua siku uliyoumizwa hata kama ulikuwa usingizini. Unayo miaka 3 tangu kuumia, au mwaka 1 tangu ulipogundua au ulipopaswa kugundua, na kinachofika mwanzo ndicho kinachokufunga. Ile miaka 3 husimama kwa sababu tatu tu: ulaghai, kufichwa kwa makusudi, au kitu kilichosahaulika mwilini kisicho na kazi ya tiba. Kitambaa cha upasuaji kikibaki tumboni miaka 10, bado una nafasi, mradi usipitishe mwaka 1 baada ya kujua. Lakini uvimbe ambao daktari hakuuona kwenye picha haumo kati ya hizo tatu, ingawa nao unakaa mwilini kimya vilevile. Mtoto chini ya miaka 6 ana miaka 3 au mpaka atimize miaka 8, kwa kuchagua muda ulio mrefu zaidi. Na kabla ya kufungua kesi lazima umpe daktari taarifa siku 90 mbele.

Sasa tafuta wino mwekundu. Siku ya kwanza unapoandikishwa hospitalini, kati ya karatasi nyingi unazosaini huenda ipo moja inayosema kwamba ukikosewa hutakwenda mbele ya raia 12 bali kwa wasuluhishi wa faragha. MICRA inataka onyo hilo lichapwe juu kidogo ya mahali pa sahihi, kwa herufi nene nyekundu zisizopungua saizi ya 10. Mchapaji akifuata maelekezo hayo, sheria inatamka kwamba mkataba huo si wa kumbana mtu na si wa kumwonea. Fikiria mtu anayesaini: ana homa, au mkewe ana uchungu wa kujifungua, na karani anamwambia ni karatasi za kawaida tu. Rangi ya wino imeshamaliza ubishi wote wa baadaye. Una siku 30 za kujitoa kwa maandishi, ukiwa na nguvu za kushika kalamu.

Na ukifika kwa wasuluhishi, usiwe mgonjwa mahututi. Kesi moja iliyotolewa hukumu na Mahakama ya Juu mwaka 1997 ilihusu mtu mwenye saratani ya mapafu aliyedai iligunduliwa kwa kuchelewa. Mkataba wake na shirika la afya la Kaiser uliahidi wasuluhishi ndani ya siku 60. Mawakili wake waliandika barua baada ya barua wakieleza kwamba mteja wao anakufa. Msuluhishi wa tatu, yule asiye na upande, alipatikana baada ya siku 144. Mgonjwa akafa kesho yake. Ushahidi uliofikishwa mahakamani ulionyesha kwamba katika kesi za shirika hilo kumpata msuluhishi wa tatu kulichukua wastani wa siku 674, na ni asilimia 1 tu ya kesi zilizotimiza ahadi ya siku 60. Baadaye Kaiser iliukabidhi usimamizi wa usuluhishi huo kwa ofisi huru. Ilikuwa sawa kufanya hivyo, lakini lilikuwa jambo la kufanywa kabla mtu hajafa.

Muda wa kufa una thamani ya fedha katika sheria hizi, na hapa ndipo napata shida kuandika kwa utulivu. Mpaka mwisho wa 2021, maumivu ya mtu aliyefariki kabla ya hukumu California yalifutwa pamoja naye. Warithi hawakuweza kuyadai. Kampuni iliyochelewesha kesi ya mahututi ililipa kidogo kuliko iliyolipa upesi. Mlango huo ulifunguliwa kuanzia 2022. Kuna mwingine uliobaki: fidia ya hasara za miaka ijayo ikifikia kiwango fulani, kiwango kilichokuwa dola 50,000 na sasa ni 250,000, mshtakiwa anaweza kuomba ailipe kidogo kidogo. Mgonjwa akifa mapema, malipo ya matunzo yanakoma na kilichobaki kinarudi kwa aliyehukumiwa kulipa. Mishahara ya baadaye tu ndiyo inaendelea kwenda kwa familia. Kwa hiyo, agizo: ishi.

Daktari anayesoma haya asidhani ngao hizi zimewekwa kwa ajili yake. Mwaka 1945 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya McCarran-Ferguson, iliyoziachia serikali za majimbo kazi ya kusimamia bima na kuziondoa kampuni hizo, kwa sehemu kubwa, chini ya sheria za taifa za ushindani wa biashara. Wauza mafuta wakikaa pamoja kupanga bei wanashtakiwa. Kampuni za bima zina kinga. Madaktari wa Rhode Island waliionja kinga hiyo. Kampuni ya St. Paul iliacha kuuza bima inayofunika kosa lolote lililofanyika ndani ya mwaka wa mkataba, ikaanza kuuza inayofunika madai yanayoletwa ndani ya mwaka huo tu. Daktari anayestaafu au kuhama kampuni sasa alilazimika kununua bima ya ziada kwa ajili ya madai yatakayokuja nyuma yake, la sivyo abaki uchi. Madaktari walipotaka kwenda kwingine, walidai kwamba kampuni nyingine tatu zilikubaliana na St. Paul kutowapokea kabisa. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kesi yao inaweza kuendelea, kwa kuwa kinga ya 1945 haifuniki mgomo wa namna hiyo. Kupanga masharti pamoja bila kugoma ni habari nyingine. Desemba 2001 St. Paul ilitangaza kwamba inaachana kabisa na bima ya madaktari, na waliokuwa wateja wake wakaanza kuhangaika kutafuta kwingine. Januari 2021 kinga ile iliondolewa kwa bima ya afya peke yake. Bima ya makosa ya madaktari haikuguswa.

Je, MICRA iliziagiza kampuni zipunguze ada kwa madaktari baada ya kupewa kikomo? Hapana. Mgonjwa aliwekewa mpaka mwaka 1975. Mpaka kwa kampuni ulikuja Novemba 1988, miaka 13 baadaye, na hakuuweka mbunge. Wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 103 linalozitaka kampuni ziombe kibali kwa kamishna wa bima kabla ya kupandisha ada, bima ya madaktari ikiwemo. Mpaka leo watu wanabishana ni sheria ipi iliyotuliza ada, ile ya kumbana mgonjwa au ile ya kuibana kampuni. Mimi nasema tungejua jibu lake kama ya pili ingejaribiwa kwanza.

California si ya peke yake. Texas iliweka kikomo cha 250,000 mwaka 2003. Louisiana ilikwenda mbali zaidi: tangu 1975 kikomo chake ni dola 500,000 kwa hasara zote, mishahara ikiwemo, isipokuwa matibabu ya baadaye, na kati ya hizo daktari na kampuni yake hulipa 100,000 za kwanza tu, zilizobaki hutoka katika mfuko wa jimbo. Huko hata mshahara mnono hautakuokoa.

California ilikuja kulegeza. Wapiga kura waliulizwa mwaka 2014 kama kikomo kipandishwe, wakakataa. Swali hilo lilikuwa limefungwa pamoja na la kuwapima madaktari dawa za kulevya. Mwaka 2022, kura nyingine ikinukia, mawakili, madaktari na wenye bima walikaa mezani, na Gavana Gavin Newsom akatia sahihi makubaliano yao. Kuanzia 2023 kikomo kikawa dola 350,000 kwa majeruhi na 500,000 kwa familia ya aliyekufa, kikipanda kila mwaka mpaka kifike 750,000 na milioni 1 mwaka 2033, kisha asilimia 2 kila mwaka. Hospitali na madaktari sasa wana vikomo mbalimbali, hivyo aliyekosewa na pande zote mbili anaweza kudai kote. Wakili naye hupata robo kesi ikiisha kabla ya kufunguliwa, na asilimia 33 baada ya hapo. Yule bibi wa miaka 80 leo ana nafasi ya kupokelewa simu. Ila hata kitakapofika 2033, kikomo cha majeruhi bado kitakuwa chini ya thamani ya zile 250,000 za siku ya kwanza.

Makubaliano hayo yaliongeza ngao nyingine. Daktari akija kando ya kitanda chako kabla ya kesi akakwambia anasikitika, hata akikiri kwamba kosa ni lake, maneno hayo ni siri na hayawezi kupelekwa mahakamani. Nafurahi kwamba daktari sasa anaweza kusema ukweli bila woga, maana wagonjwa wengi hicho ndicho wanachotaka kuliko fedha. Msikilize, umshukuru, kisha tafuta ushahidi mwingine.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu California aliyetoka hospitali akiwa vibaya kuliko alivyoingia, mpigie leo. Aandike tarehe: siku ya tukio, siku aliyoanza kuhisi, siku aliyoambiwa. Atafute ile karatasi ya wino mwekundu na kuangalia kama siku 30 hazijaisha. Asikubali jibu la wakili mmoja, hasa kama jibu lenyewe lilitolewa kabla ya 2023. Aombe kwa maandishi nakala ya faili lake lote; hospitali ina siku 15 kulitoa. Likifika, aanze na kumbukumbu za wauguzi, kwa sababu zina saa na dakika.